Fimbo Isiyovunjwa

Alhamisi, tarehe ishirini na moja Novemba mwaka 2024, saa kumi na moja na nusu jioni. Hiyo ndiyo saa mambo yalipogeuka kwa Védastine, mjane wa Ladislas, pale Mururu, Rwanda, mpakani na Kongo. Mpaka hapo alidhani msiba wake umeshafika mwisho, kama misiba ya watu wengine.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho wa njia, akingoja fimbo.

Kazi yenyewe haikuwa nzito. Watu wanaopenda kutembea milimani hupanda basi Kamembe na kushuka Gashonga, katikati ya migomba. Pale kila mmoja hupewa fimbo ya mkaratusi. Hutembea juu ya mgongo wa kilima, mto Rusizi uko chini yao, nyumba za Bukavu zimening'inia ng'ambo, kisha huteremka Mururu. Anayewapokea chini huchukua fimbo kwa mikono miwili na kusema, "Umefika. Pumzika." Kisha fimbo zote hufungwa pamoja na kupakiwa basi la jioni, zirudi Gashonga kungoja miguu mingine.

Maneno hayo ya kupokea aliyaanzisha Ladislas. Alikuwa akisema kwamba mtembezi hajafika mpaka mwenzake amwambie amefika.

Yeye mwenyewe hakuna aliyemwambia. Mwezi wa Agosti alipanda kumfuata mtembezi mmoja aliyechelewa. Mtembezi akashuka. Ladislas hakushuka. Asubuhi walimkuta ameketi chini ya mti, koti lake la mvua limefungwa vifungo vyote, fimbo pembeni. Daktari alisema ni moyo. Siku ya kuondoa matanga, Jean-Paul, mdogo wa marehemu, alifanya walivyofanya baba zao: aliivunja fimbo ile uani mbele ya wanaume, ili mwenyewe asibaki na cha kutembelea. Védastine alikuwa ndani, mkekani, na wanawake. Alisikia mlio tu.

Kwach!

Mara moja ikavunjika. Watu wakasema, heri, marehemu amekubali.

Tangu siku ile miguu ya Védastine ilikataa benchi. Binti yake Benitha ndiye aliyekaa pale kupokea fimbo. Lakini wiki hii Benitha alianza kuongoza watembezi, kazi ya baba yake, na mama akajikokota kurudi mahali pake, rozari mfukoni.

Basi lilikuwa limeshafika. Izabayo, kondakta, alining'inia mlangoni.

"Maman Benitha! Fimbo zako ziko wapi? Zinapanda kila siku, hata nauli hazilipi!"

"Ngoja, mwanangu. Batu hawajashuka."

"Batembee basi! Au binti yako anawafundisha kutambaa?"

Abiria wakacheka. Védastine naye alitabasamu kidogo. Ulikuwa umepita muda mrefu hajatabasamu.

Kisha wakaonekana. Watu wawili, mke na mume kutoka Bukavu. Mume aliitwa Cirhuza, mfanyabiashara wa vitenge, mtu mnene wa maneno mengi, lakini sasa mdomo wake ulikuwa mkavu. Mkewe, Vanessa, alikuwa akilia bila sauti. Walitembea kama watu waliotoka Gashonga juzi.

Benitha hakuwa nao.

Vanessa alinyoosha fimbo. Védastine aliipokea, akasema maneno yake, na mkono wake ukaijua fimbo kabla ya macho. Ilikuwa na kitambaa chekundu kilichofungwa juu.

"Hii ni ya mtoto wangu. Mwenyewe iko wapi?"

Cirhuza alijibwaga kwenye benchi. "Maman, utatusamehe. Tumechoka, kuchoka yenye sijaona hata siku moja. Iko Mzee moja alikuwa mbele yetu."

"Mzee gani?"

"Sijue. Tuliona mugongo tu. Koti ya mvua, na jua linawaka! Tunamuita, haitike. Bibi yangu akitaka kuikala chini, miguu inakataa. Anatembea tu, anamufuata. Mimi nasema, Vanessa, simama! Anasema, siwezi, fimbo inanivuta."

"Nilikuwa namuomba," Vanessa alinong'ona. "Papa, tupumzike. Hata kidogo..."

"Benitha akaona," mume akaendelea. "Akamunyang'anya ile fimbo, akamupa yake. Hapo hapo bibi yangu akaanguka chini kama mugonjwa. Tukainuka, tukageuka. Maman... Benitha alikuwa anarudi yulu kwa mulima. Tukamuita. Haitike."

Pale kituoni hakuna aliyecheka tena.

"Huyo Mzee," Védastine aliuliza taratibu, "alishika fimbo mkono gani?"

Cirhuza alifikiri. "Hakuwa na fimbo. Lakini mukono wa kushoto alikuwa anaufanya hivi." Akakunja vidole hewani, kama mtu aliyeshika kitu.

Ladislas alitumia mkono wa kushoto, na fimbo yake aliichonga shimo la kidole gumba upande huo.

Védastine alitoa simu, akampigia Jean-Paul aliyekuwa Gashonga.

"Shemeji, ile fimbo uliyovunja. Ilikuwa na shimo la kidole gumba upande wa kushoto?"

Jean-Paul alikohoa.

"Shemeji?"

"Sikuangalia. Ndiyo ilikuwa pembeni yake. Fimbo zote ni sawa... Ilikuwa na ufa, lakini. Ndiyo maana ilivunjika upesi."

Hapo Védastine alikumbuka. Jioni ile ya Agosti, mtembezi aliyechelewa alimwambia, "Yangu ilipasuka, Mzee akanipa ya kwake." Naye alipokea fimbo ile kwa mikono hii hii, akiangalia juu ya njia, akimtafuta mume wake. Hakuiangalia. Aliifunga pamoja na nyingine, na basi likaondoka nayo.

Walikuwa wamevunja fimbo nyingine.

Na ile yenyewe ilikuwa bado kazini. Inapanda basi jioni, inashuka mlimani mchana, wiki baada ya wiki, mkononi mwa watu wasiomjua.

"Jean-Paul, njoo na pikipiki. Mimi napanda."

"Usipande peke yako! Giza linaingia!"

Alikuwa ameshakata simu.

Njia ilikuwa na mawe, naye hakuwa kijana. Alipanda akisali Salamu Maria kila hatua, hatua ikizidi sala, sala ikizidi pumzi. Jua lilizama nyuma ya Bukavu. Taa za ng'ambo zikaanza kuwaka moja moja. Ndege wakanyamaza.

Kwanza ilikuja harufu. Koti la mvua lililolowa. Tumbaku. Harufu ya mlango wa nyumba yake, enzi zile mtu alipokuwa akirudi.

Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nyingi.

Kisha sauti.

Tok... tok... tok...

Fimbo juu ya jiwe.

Alimkuta Benitha kwenye uwanda mdogo wa juu, penye mikaratusi. Alikuwa akizunguka. Anakwenda mpaka mwisho wa uwanda, anageuka, anarudi. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka, na unyayo uliacha alama nyeusi juu ya mawe. Macho yalikuwa wazi.

"Benitha. Mwanangu. Simama."

"Siwezi, Maman." Sauti ilikuwa ya mtu anayesinzia. "Papa amechoka. Anataka kuikala, haweze. Na mimi siwezi."

"Nipe fimbo."

"Vidole vinakataa."

Védastine alitaka kukimbia. Alitaka pia, Mungu amsamehe, kubaki pale na harufu ile mpaka asubuhi. Miezi mitatu alikuwa akimwomba Mungu amrudishie mume wake hata kwa dakika moja, na sasa dakika ilikuwa imekuja, na ilikuwa inamla mtoto.

Alikwenda mwisho wa uwanda. Akasimama katikati ya njia, kama anavyosimama mbele ya benchi. Akanyoosha mikono yote miwili.

Tok... tok...

Benitha alimjia. Mbele ya Benitha hapakuwa na kitu, ila nyasi zililala na kuinuka.

"Papa Benitha," alisema. Alisogeza mikono mbele zaidi. "Papa Benitha. Ni mimi. Sikukupokea siku ile, nilikuwa naangalia juu. Lete fimbo."

Mti ukaja mikononi mwake. Kidole gumba chake kiliingia katika lile shimo. Lilikuwa na joto.

Alivuta. Upande wa pili, mtu alikuwa bado ameshika. Si Benitha. Mikono ya Benitha ilikuwa imeshaanguka ubavuni.

"Umefika," Védastine alisema, akilia. "Umefika, mume wangu. Pumzika."

Hakuvuta tena.

Kisha upande wa pili ukaachia. Polepole, kidole baada ya kidole.

Aliiegemeza fimbo kwenye jiwe, akaikanyaga. Haikuvunjika. Akaikanyaga tena. Hii haikuwa na ufa. Hii ilikuwa imechongwa na mtu aliyependa kazi yake. Benitha alikuja akiyumba, akaweka mguu wake wenye damu kando ya mguu wa mama, wakakanyaga pamoja. Ilivunjika bila kishindo, kama mtu anayeshusha pumzi.

Harufu ikaisha. Mara moja. Védastine aliitafuta hewani, hakuipata.

Walianza kushuka wameshikana. Chini kabisa, taa ya pikipiki ya Jean-Paul ilikuwa ikipanda.

"Maman," Benitha alinong'ona. "Usimukasirikie Papa."

"Simukasirikii."

"Hakuwa anatutesa. Alikuwa anatuharakisha."

"Anawaharakisha mkimbie nini?"

Benitha alimsogelea mama yake zaidi.

"Iko batu nyuma. Bengi. Na batoto. Hawana fimbo, hawana viatu. Walikuwa wanatufuata tangu Gashonga. Papa hakutaka watufikie, ndiyo maana akarudi kuwazuia... Sasa nani atatangulia?"

Védastine alimkaza mkono. Kila mtu wa Mururu anajua ni akina nani waliopita juu ya mgongo ule miaka ile ya mauaji, usiku na mchana, wakiukimbilia mto wavuke kwenda Kongo. Kila mtu anajua pia kwamba si wote waliouona mto.

Nyuma yao, juu ya mawe, kulikuwa na mlio laini. Si fimbo.

Nyayo tupu. Nyingi.

Hakugeuka. Alimshika binti yake kiunoni, akatembea kwa hatua ile ile, mpaka taa ya Jean-Paul ilipowamulika usoni, na Jean-Paul mwenyewe, aliyetaka kuuliza, akatazama nyuma ya mabega yao, akafanya ishara ya msalaba.

Siku iliyofuata Védastine alirudi kwenye benchi. Jioni watembezi wa siku ile walishuka kilimani wakicheka, akawapokea mmoja mmoja. Wa mwisho alipopita, Izabayo aligonga bodi ya basi.

"Maman, tuende! Wamekwisha!"

"Bado, mwanangu. Ngoja kidogo."

Alisimama mbele ya njia tupu. Giza lilikuwa likiteremka kilimani bila haraka. Alinyoosha mikono miwili, mitupu, akaiacha hivyo hadi ikaanza kuwa mizito, kama mtu anayepokea, na kupokea, na kupokea.

"Mmefika," alisema. "Pumzikeni."

Kisha akasali:

Ee Bwana, Wewe uliyetembea nchi kavu ukachoka, mpokee Ladislas, mtumishi wako, aliyetangulia mbele ya watu mpaka baada ya kufa. Mvue koti lake, mkalishe. Na hao wanaokuja nyuma yake, ambao sisi hatukuwaita kwa majina, Wewe unawajua. Uwaoshe miguu. Asiwepo hata mmoja wa kutembea tena usiku. Na sisi tulio bado njiani, tufikapo, asikosekane wa kutupokea. Amina.