Viganja vya Mtaa wa Mkwajuni

Basi la Likoni lilipowashusha abiria sokoni Msambweni, Mbodze alishuka wa mwisho, sanduku la bati kichwani, gauni lake la maua ya buluu limekunjamana kwa safari. Uhuru ulikuwa na miezi michache tu, na watu sokoni walipiga kelele kana kwamba zamani hata sauti ilitozwa kodi. Katikati ya vurumai hiyo kijana mmoja aligeuka na boriti begani, bado ina tope la mikoko ya Gazi, ncha yake ikalikumba lile sanduku. Likaanguka, likafunguka, na nguo za binti wa watu zikatawanyika mbele ya wauza samaki.

"Huna macho wewe?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa yanakutazama wewe, ndiyo maana boriti ikakosa msimamizi."

Mbodze alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Yule kijana, Chirau, alikuwa fundi cherehani wa Mtaa wa Mkwajuni, naye alikuwa akikusanya miti ya kujengea nyumba yake ya kwanza. Mbodze alitoka Kinango kuja kusomea uuguzi. Chirau alilibeba sanduku mpaka lango la hospitali, akaisahau boriti pale pale chini, watu wakawa wanairuka hadi alasiri.

Basi ndiyo yakaanza. Alimshonea sare nyeupe, akamwambia ajaribu.

"Umeibana kiunoni, Chirau."

"Mimi sikubana kitu, roho yangu. Kiuno ndicho kilichoniongoza, nami nikafuata."

"Mdomo huo! Ungeushonea vifungo kwanza."

Ijumaa moja Chirau alimpeleka kumwamkia mama yake. Bi Mwanasha, mwanamke mfupi mwenye leso mbili na jicho lisilopitwa na jambo, aliitika marahaba kisha akamwongoza ukumbini. Huko Mbodze alisimama akasahau hata kujibu salamu nyingine. Ukuta mzima, toka chini hadi juu, ulijaa viganja vya watu vilivyozama katika udongo: vipana, vyembamba, vya watoto, kimoja hakina kidole cha shahada.

"Kila nyumba ya mtaa huu hukandikwa na mtaa mzima, mwanangu," alisema Bi Mwanasha. "Wakimaliza, kila aliyekuja huacha kiganja chake. Huyu alikwenda vitani Burma, hakurudi. Huyu ndiye mkunga aliyenipokea mimi mwenyewe nilipozaliwa, akampokea na Chirau. Huyu asiye na kidole, papa alikichukua."

Mbodze aliinua mkono karibu na kile cha mkunga, akaogopa kukigusa. Alikuwa ameona makaburi ya watu wakubwa na minara ya misikiti Mombasa, lakini hakuwahi kuona watu wote waliopata kuwapo mahali wakiwa wamesimama pamoja hivi, kimya, wakikungoja uwasalimu. Tangu siku hiyo alitamani jambo moja tu, kuhesabiwa miongoni mwao.

Siku ya kukandika nyumba ya Chirau ilifika. Alfajiri palikuwa na fito na boriti tupu, unaona mpaka uani. Wanawake wakateka maji, wanaume wakakanyaga udongo wakiimba, na kufika adhuhuri kuta zilikuwa zimesimama, nzito, zinameta kwa umajimaji. Mbodze alikuwa na udongo hadi kwenye nyusi, na alishangaa kuona nyumba ikizaliwa mbele ya macho yake. Kisha watu wakaingia ukumbini mmoja mmoja kuacha viganja.

Zamu yake ikafika. Aliunyoosha mkono. Chirau akamdaka kifundo cha mkono, mbele ya watu wote, akautoa ukutani.

"Wewe usiweke."

Wanawake wakaangua vigelegele. Mbodze aliwatazama mmoja baada ya mwingine, machozi yakamjaa. Akauchomoa mkono wake, akatoka, hakuaga mtu.

"Ulimwambia maana yake?" Bi Mwanasha alimwuliza mwanawe.

"Mama, si kila mtu anajua?"

"Kinango wanajua nini cha Mkwajuni? Umemwaibisha mtoto wa watu. Kimbia!"

Simu ya mtaa ilikuwa moja, dukani kwa Karim. Chirau aliikamata kwa mikono miwili ya udongo, akapiga hospitali, kwenye bweni la wauguzi wasikoingia wanaume, akaomba aitiwe Mbodze.

"Nani?" ilisikika sauti ya mafua ya kulia.

"Mimi, mpenzi."

"Kama ni mkono wa mgeni haufai kwenu, ungeniambia faraghani. Umenikamata kama mwizi, na watu wakanicheka."

"Hawakukucheka. Walikuwa wanakupongeza!"

"Kwa lipi?"

Karim aliacha kupima sukari. Wateja nao waliacha kujifanya wananunua. Chirau aliwapa mgongo. Posa haijapelekwa, wazee hawajatumwa, na jambo lenyewe halisemwi dukani. Lakini angempoteza.

"Mgeni ndiye anayeacha kiganja, Mbodze. Anakiacha kwa sababu yeye anakwenda zake. Mwenye nyumba hakiachi. Yeye anabaki mwenyewe."

"Mwenye nyumba nani?"

"Wewe! Wewe Mbodze binti Chome! Nakupenda, nataka uwe mke wangu!" Alipaza sauti kana kwamba haiamini ile waya, na mtaa wote ukasikia.

Upande wa pili simu ikakatwa.

Jua lilikuwa limelegea Mbodze alipotokea mwanzo wa mtaa, ndani ya sare nyeupe. Watu wakainuka barazani. Aliingia katika ile nyumba, akapita chumba kwa chumba, akatazama juu pasipo makuti bado, mbingu tupu. Ukumbini akasimama mbele ya vile viganja vibichi, vingi kuliko alivyodhani.

"Wote hawa wamejua tangu mchana?"

"Wote," alisema Chirau mlangoni, hana uso wa kumtazama.

"Nami peke yangu sikujua." Alijifuta macho, akageukia ukuta wa mbele. "Chirau."

"Labeka, roho yangu."

"Dirisha liko wapi?"

"Lipo, la uani."

"Sikutoka Kinango kuja kutazama kuku. Katika nyumba yangu nataka kuuona mtaa."

Chirau aliupima ukuta kwa jicho. "Na baba yako?"

"Baba utamwendea Jumamosi na wazee wako, na uende na adabu. Sasa hivi lete panga, udongo haujakauka."

Chirau alikata fito moja moja. Mabonge ya udongo yaliiangukia sare nyeupe, Mbodze hakujikinga. Tundu lilipokuwa kubwa la kutosha, aliingiza kichwa na mabega, akautazama Mtaa wa Mkwajuni kutoka ndani, nyumba hadi nyumba, na watu wote waliosimama wakimngoja.

"Masalkheri, majirani," alisema.

Na mtaa mzima ukaitika.