Siri ya Mogire na Kura ya Bitutu

Mogire wa Manga alikuwa mtu wa sauti. Akisalimia bondeni, aliitikiwa mlimani. Waumini wenzake Wakatoliki walimchagua kuwa mwenyekiti wa kanisa, na wengine walisema ni kwa ajili ya sauti hiyo tu. Lakini mwaka huo wa 1974 palikuwa na jambo moja ambalo Mogire hakulisema hata kwa kunong'ona. Alikuwa na ngiri.

Ilianza polepole. Kila alipoinua kikapu cha majani ya chai, kinena kilivimba na kuuma. Hapo aliweka kikapu chini, akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Na viatu vyenyewe vilikuwa gambuti, vya mpira, visivyo na kamba!

"Baba Bitutu, una nini?" mkewe, Mong'ina, alimwuliza.

"Nina majani ya kupeleka kituoni. Chuma chai, mama."

Aliogopa nini? Kuchekwa tu, basi. Mzee mmoja wa Kebirigo aliwahi kuugua hivyohivyo, na akina mama wa sokoni wakamtungia wimbo. Mwenyekiti wa kanisa atungiwe wimbo! Mogire aliona heri maumivu. Wanaume wana ujinga wao, na huu ni mmojawapo.

Maumivu yalipozidi, alimkumbuka binamu yake Zachariah, muuguzi katika hospitali moja huko Kisumu. Alhamisi moja akashuka hadi Kebirigo, kwenye duka la Osman. Osman alikuwa na simu. Mogire hakuwa amewahi kupiga simu maishani mwake.

Osman alizungusha kishikio cha simu, akampa Mogire mkono wa simu wa kusikilizia, kisha akatoka nje kumpimia mtu mafuta ya taa. Jirani na duka, kinu cha kusaga mahindi kilikuwa kikinguruma. Ashukuriwe Mungu kwa kinu hicho.

"Kisii hapa. Nikusaidie?" ikauliza sauti ya mwanamke kwa Kiswahili.

Kwa kelele za kinu Mogire alisikia Kisumu, akadhani hiyo ndiyo hospitali. Akavuta pumzi.

"Haloo! Mimi Mogire wa Manga! Nina ngiri! Upande wa kulia! Ikitoka ni kama yai la bata! Mwambie Zachariah anitafutie daktari, lakini mtu yeyote asijue!"

Ile sauti ikasema taratibu, "Mzee, ngoja kidogo nikuunganishe. Hapa si hospitali. Unataka nambari gani?"

Lo! Mogire aliloa jasho mpaka kwenye kola. Alitaja nambari, akazungumza na Zachariah, akapewa siku ya kwenda kupasuliwa. Lakini alirudi Manga roho juu. Msichana fulani huko Kisii alikuwa anajua. Wasichana nao, nani asiyewajua? Jumapili habari itakuwa sokoni Daraja Mbili, Jumatatu itakuwa wimbo.

Kesho yake jioni, Bitutu alikuja nyumbani. Bitutu alikuwa kifungua mimba wa Mogire, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Alifanya kazi posta mjini Kisii. Mogire alidhani anauza stampu. Hakuwahi kuuliza, na nyumbani hapo walizungumza Ekegusii na habari za ng'ombe.

"Tata," Bitutu alimwambia baba yake, "naomba kadi yangu ya ubatizo."

"Ya nini?"

"Umesikia redio? Bunge limeshusha umri wa kupiga kura. Zamani ilikuwa miaka ishirini na mmoja. Sasa ni kumi na minane. Karani anaandikisha kesho kwenye baraza, na kesho ndiyo mwisho. Sina karatasi nyingine ya kuonyesha nilizaliwa lini."

Kadi ilikuwa ndani ya sanduku la bati. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mogire.

"Hupati," alisema Mogire. "Kura ni siri. Msichana wa miaka kumi na tisa anajua siri ni kitu gani? Mdomo wake ni kama mlango wa kanisa, kila mtu anapita."

"Mpe mtoto kadi yake," Mong'ina akasema.

"Nimesema!"

Bitutu hakubishana. Alimtazama baba yake, akaenda jikoni kumsaidia mama yake kusonga ugali wa wimbi. Machozi yalimlengalenga.

Jumamosi watu walijaa kwenye uwanja wa shule. Karani wa uchaguzi aliitwa Dahir, mwenyeji wa Wajir. Hakujua Ekegusii hata chembe, kwa hiyo siku hiyo Manga nzima ilisema Kiswahili, kila mtu kwa kadiri alivyoweza. Dahir alieleza sheria mpya. Alisema mtu wa miaka kumi na minane analipa kodi, anaoa, anaolewa, anavaa sare ya jeshi na kuilinda nchi. Basi asikilizwe pia.

Mogire akasimama.

"Bwana Karani, mimi napinga! Watoto hawaweki siri. Tazama hizi simu. Nasikia zinaunganishwa na wasichana. Simu ya DC inapita kwao. Ya polisi inapita kwao. Adui akitaka kuijua nchi yetu, si atamwuliza msichana mmoja tu? Serikali iwaondoe wote, iweke wazee wenye mvi!"

Watu wakapiga makofi. Hata Mogire mwenyewe aliona amesema vizuri.

"Ni haki yako kuuliza, mzee," Dahir akajibu. "Mawasiliano ya nchi lazima yalindwe, na hata Nairobi watu wanalijadili jambo hilo. Lakini mvi hazilindi siri. Kila anayeunganisha simu hula kiapo, akatia sahihi. Akitoa siri, anafukuzwa kazi na kushtakiwa."

"Kiapo ni maneno!" Mogire akasema.

Ndipo Bitutu aliposimama katikati ya akina mama. Kwa adabu, mbele za watu, hakumwita Tata.

"Mzee, ngoja kidogo," alisema.

Mogire aliganda. Hakuwa amewahi kumsikia binti yake akisema Kiswahili. Sauti hiyo aliijua. Aliisikia juzi, dukani kwa Osman.

"Mimi ni mmoja wa wasichana hao," Bitutu aliendelea. "Ninaunganisha simu huko Kisii. Nikishaunganisha, natoka, nawaacha watu wazungumze. Lakini wengi hawajui. Wanaanza kunieleza mambo yao kabla sijawaunganisha. Jamani, taja nambari tu. Mambo yako yangoje mpaka mwenyewe ajibu."

Mogire aliketi taratibu. Sasa ananitaja, aliwaza. Nimemnyima kadi, naye anayo fimbo mkononi. Ewe Maria mama wa Mungu, ananitaja mbele ya kijiji kizima!

Mzee Nyamongo, aliyependa mzaha kuliko ugali, akapaza sauti kutoka nyuma. "Hayo maneno tu, binti! Kama kweli unasikia mambo, tuambie moja tu. Usitaje jina. Tuambie tukuamini!"

"Tuambie! Tuambie!" watu wakacheka.

Bitutu akatikisa kichwa. "Nikiwaambia hata moja, mzee Nyamongo, basi mtakuwa na haki ya kuninyima kura."

Akaketi.

Nyamongo akashika kidevu, akasema, "Ee, huyu ametuweza." Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka Nyamongo. Mogire alishusha pumzi ndefu, na macho yake yakalowa. Msichana mdogo amebeba aibu yake siku mbili, amenyimwa haki yake, ametukanwa, na bado amefunga mdomo!

Aliondoka kwenye baraza bila kuaga. Watu walidhani amekasirika. Alipanda kilima mbio, mkono mmoja kinenani, akafungua sanduku la bati, akashuka tena akihema. Alipofika, Dahir alikuwa anakunja daftari lake.

"Ngoja!" Mogire alinguruma. Akamwekea kadi mezani. "Andika huyu. Bitutu binti Mogire. Nilikosea, na nilikosea kwa sauti kubwa, kwa hiyo nasahihisha kwa sauti kubwa. Huyu ni mtu mzima."

Dahir akaisoma kadi, akaandika. Bitutu akatia sahihi.

Njiani kurudi nyumbani, Mogire alimwuliza kwa Ekegusii, polepole, "Alhamisi ile, kwa Osman. Ilikuwa wewe?"

"Alhamisi gani, Tata?" Bitutu akauliza, uso mkavu kabisa.

Mogire hakuuliza tena. Jioni ileile alimweleza Mong'ina habari za ngiri, mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Nilijua zamani," Mong'ina alisema. "Nani hufunga kamba za gambuti?"

Siku ilipofika walikwenda Kisumu pamoja. Daktari alimwambia Mogire kwamba angezidi kuchelewa, utumbo ungeweza kubanwa, na watu hufa kwa hilo. Akapasuliwa, akashonwa, akakatazwa kubeba mizigo kwa majuma kadhaa. Hakuna aliyemtungia wimbo. Wanaume wawili walimjia kwa siri kumwuliza njia ya hospitali, naye akawaambia, na majina yao hakuyataja kwa mtu.

Siku ya uchaguzi, baba na binti walipanga foleni moja. Bitutu alipewa karatasi, akaingia kwenye kijumba peke yake, akaweka alama, akaikunja, akaitumbukiza sandukuni. Alitoka akitabasamu.

Mogire alikuwa anamngoja kivulini. Mazoea yana taabu.

"Eti," alinong'ona, "umempa nani?"

Bitutu akajinyoosha, akasema kwa Kiswahili safi cha posta, "Mzee, ngoja kidogo nikuunganishe."

Mogire alicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Kwa mazoea mkono ulikimbilia kinenani, kushika mahali pale pa kuuma. Hapakuuma tena.