Ngoma Iliyokaribia Moto

Umewahi kuona ngoma ikiota moto kama bibi kizee asubuhi ya baridi? Kama hujawahi, basi hujafika katika kanisa dogo lililo juu ya kilima, kwenye njia ya kutoka Kibondo kwenda Mabamba. Huko, kila Jumapili, Kezia wa darasa la sita alikuwa akiivingirisha ngoma ya kanisa hadi uani, akailaza kwa ubavu na kuiwashia moto.

Ilikuwa ngoma kubwa ya gogo la mringaringa, ikimfikia kiunoni. Ngozi yake ya ng'ombe ilibanwa kwa vigingi ishirini na vinne. Kezia aliijua idadi hiyo kwa sababu kila Pasaka yeye ndiye aliyelipaka gogo mafuta ya mawese, akizunguka kigingi kwa kigingi. Kazi hiyo alifundishwa na babu yake, Mwinjilisti Habonimana. Ngozi iliyolala kwenye baridi hulegea, ukiipiga hulia kama debe lililojaa nguo. Kwa hiyo huoteshwa moto wa maganda makavu ya maharage, si wa kuni, maana kuni zina hasira. Ngoma hukaa hatua mbili kutoka motoni. Ukimaliza ubeti mmoja wa wimbo, unaizungusha kidogo, kisha unaweka kiganja juu ya ngozi. Joto likiwa kama la shavu la mtoto aliyetoka usingizini, inatosha.

Kwa miaka kumi na mmoja kanisa lile halikuwa na mchungaji wa kukaa nalo. Mchungaji alikuja kwa pikipiki kila baada ya miezi mitatu, akabatiza, akatoa ushirika mtakatifu, akaondoka. Siku nyingine zote Babu ndiye aliyefungua mlango, akahubiri, akawaombea wagonjwa na kuwazika wafu. Naye Kezia, kwa miaka mitatu ya mwisho, alipiga ngoma. Watu wa bondeni walipoisikia, waliacha majembe na kutafuta nguo safi.

Mwezi wa saba mambo yakabadilika. Kanisa lilipewa hadhi ya parishi, na Mchungaji Bazilio Niyomwungere akahamishiwa hapo kutoka Kasulu, pamoja na mke wake na binti yao Divine. Divine alikuwa rika la Kezia. Alivaa soksi nyeupe hata siku ya Jumanne.

Jumapili ya pili, Mchungaji alisimama kutoa matangazo.

"Ndugu zangu, ibada sasa itaanza saa mbili kamili, si saa nne. Baada ya wiki sita Askofu atakuja kuizindua parishi yetu. Na binti yangu Divine, aliyekuwa akipigia kwaya kule Kasulu, atashika ngoma, ili mwinjilisti wetu na mjukuu wake wapumzike kidogo. Wamefanya kazi kubwa."

Alisema kwa upole, kama mtu anayempokea mzee mzigo. Watu wakapiga makofi. Kezia naye akapiga, lakini yeye ndiye aliyeacha wa kwanza.

Kesho yake, kisimani, Junior wa darasa lao alimwona akiinama na ndoo.

"Kezia, nasikia umestaafu. Kiinua mgongo unapokea lini?"

"Nyamaza wewe, suruali yako ina dirisha."

"Si kitu. Hewa inaingia," akasema Junior, akaenda zake akipiga mluzi.

Tangu siku hiyo Kezia alimtazama Divine kama mtu anayechambua mawe kwenye maharage. Anashika fimbo juu mno. Anatikisa kichwa bila sababu. Anacheka kwa pua. Mama Dorcas, kiongozi wa akina mama, alipompa Divine parachichi kubwa, Kezia alikumbuka kwamba yeye, kwa miaka mitatu ya kupiga ngoma, hajawahi kupewa hata dogo. Usiku alilala, lakini lile parachichi halikulala.

Kwa kweli Divine alikuwa mpigaji mzuri. Hilo ndilo lililouma zaidi. Ila ngoma za Kasulu alizozizoea zilikuwa za dukani, zile za plastiki zinazokazwa kwa spana. Hazikuwa zikijua baridi wala moto. Kwa hiyo Jumapili za kwanza alipiga ile ya mringaringa ikiwa na baridi yake, ikalia kinyonge, na Kezia akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

Jioni moja Mchungaji Bazilio alikuja kumtembelea Babu. Wakaamkiana kwa desturi ya huko, kwa kupiga makofi ya taratibu na kuulizana habari za nyumba, za mifugo na za mashamba. Kezia alikuwa pembeni akipukuchua maharage.

"Mzee wangu," alianza Mchungaji, "mabenchi ya nyuma yako wazi. Wazee wa bondeni siwaoni tena. Je, nimewakosea?"

Kezia alijua jibu, na Babu alilijua. Saa moja asubuhi bonde lile hufunikwa na ukungu mzito, na njia ina utelezi. Wazee husubiri jua lipande ndipo watoke. Ndiyo maana ibada ilikuwa saa nne. Babu aliinua kikombe chake cha uji, akanywa, akakiweka chini.

"Wewe ndiye mchungaji, baba," akasema.

Mchungaji alipoona hakuna neno lingine, aliaga na kuondoka. Kezia alilirudia jibu lile moyoni. Lilikuwa na heshima kwa nje, na ndani lilikuwa na mwiba. Alilipenda.

Jumamosi, wiki mbili kabla ya ujio wa Askofu, kwaya ilikuwa na mazoezi. Kezia alipita na mzigo wa majani ya mbuzi, akamkuta Divine peke yake uani. Alikuwa amewasha moto, wa kuni kavu za mkaratusi, nao uliwaka kwa kelele. Ngoma ilikuwa imelazwa karibu kabisa, uso wake ukiutazama moto.

"Kezia, afadhali umekuja," Divine alisema, akijifuta moshi machoni. "Mama Dorcas ameniambia ngoma hii huoteshwa moto. Nimeiweka vizuri hapa? Inatosha?"

Kezia alitazama. Ngozi ilikuwa imeanza kung'aa, na ukingoni, karibu na vigingi, ilikuwa inajikunja. Lilihitajika neno moja tu: isogeze. Neno lilifika ulimini. Kisha akaziona soksi nyeupe, akalikumbuka na lile parachichi.

"Wewe ndiye mpigaji," akasema.

Akaendelea na safari yake. Hakuwa amefika kwenye migomba ya Babu aliposikia mlio mmoja mkavu, kama tawi linalovunjika. Hakugeuka.

Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Kesho yake, katikati ya ibada, Divine alisimama mbele ya watu wote. Hakuwa na soksi. "Nimeharibu ngoma ya kanisa kwa kutojua," alisema. "Naomba mnisamehe." Hakutaja kwamba kuna mtu ambaye yeye alikuwa amemuuliza. Alimtazama Kezia mara moja, tena bila chuki, kisha akaketi. Mama Dorcas akaguna. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba vitu vya zamani havifai kupewa wageni.

Kezia hakuusikia mwisho wa mahubiri. Alikuwa ameitamani siku ambayo watu wangemnung'unikia Divine, na sasa ilikuwa imefika, nayo haikuwa na utamu wowote.

Mchana alimkuta Babu nje, akichonga kigingi kwa kisu kidogo. Akapiga magoti, akamweleza yote: kuni za mkaratusi, ngozi iliyojikunja, swali la Divine.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, wewe ndiye mpigaji."

Kisu kilisimama. Kezia akangoja karipio. Halikuja.

"Maneno hayo umeyatoa wapi?" Babu aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha kwamba anajua.

Kezia akaokota kibanzi cha kigingi, akakigeuza.

"Umeyatoa kwangu," akasema Babu. "Yule kijana alikuja hapa kuniuliza kuhusu wazee wa bondeni. Nilijua, nikamnyima. Nilitaka aone kwamba bila mimi hawezi. Miaka kumi na mmoja nimeshika ufunguo wa kanisa, Kezia, nao wakuu wa kanisa waliuchukua nikiwa shambani, wakampa yeye. Niliona wivu. Mzee mzima na mvi zangu, niliona wivu."

Alikipangusa kisu kwenye suruali, akasimama.

"Twende. Tusiache jambo hili lilale."

Nyumbani kwa Mchungaji walikaribishwa viti. Kezia alianza, akamwomba Divine msamaha mbele ya wazazi wake. Babu akafuata, akaeleza habari ya ukungu, ya utelezi na ya wazee wanaongoja jua, kisha akakiri kwamba alinyamaza makusudi.

"Nami kila Jumamosi nimekuwa nikimwambia mke wangu kwamba hapa hawanitaki," alisema Mchungaji Bazilio. "Nilifikiri kuomba uhamisho. Kumbe ni ukungu."

Mkewe alicheka kwanza. Kisha wote wakacheka, hata Divine, kwa pua.

Jumatatu wakaanza kazi. Nurudini, mwenye bucha kule Mabamba, aliwapa ngozi mbichi. "Ng'ombe wangu anaingia kanisani kabla yangu," alitania. "Mkimpiga, mpigeni kwa adabu." Ngozi ililowekwa siku mbili. Kisha Babu akaitandaza juu ya gogo, Mchungaji akakunja mikono ya shati akavuta upande huu, Mama Dorcas na wenzake wakavuta upande ule, na wasichana wawili wakagonga vigingi, kimoja huku, kimoja ng'ambo yake, ili ngozi isiende upande. Wakaiacha juani ikauke.

Walipokuwa wanapumzika, Babu aliwaita Kezia na Divine karibu. Mchungaji naye akasogea.

"Mtu akija mahali papya, hajui pana utelezi wapi," Babu alisema. "Sisi tuliotangulia tunajua. Mimi na Kezia tulipoona mambo yanabadilika, tulifikiri kazi yetu imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza, kazi ya kumwonyesha mgeni. Tukamnyima kwa wivu. Divine alilia, Mchungaji alikosa raha, wazee walikosa ibada, na ngoma ikapasuka. Na wewe, Mchungaji, usichoke kuuliza. Ukijibiwa vibaya mara ya kwanza, rudi uulize tena. Kanisa hili lilikuwa la Mungu nilipokuwa na ufunguo, na ni lake ukiwa nao wewe."

Mchungaji Bazilio aliitikia kwa kichwa. Jumapili iliyofuata ibada ilirudi saa nne.

Siku ya Askofu, jua lilipokuwa likiuondoa ukungu bondeni, Kezia na Divine walikuwa uani na moto wa maganda ya maharage. Divine alihesabu hatua mbili. Kezia aliimba ubeti mmoja, wakaizungusha ngoma. Divine akaweka kiganja juu ya ngozi mpya.

"Shavu la mtoto," akasema.

"Bado kidogo. Mtoto huyu ndiyo kwanza anaamka."

Kwenye njia ya bondeni wazee walianza kuonekana, mmoja mmoja, na fimbo zao. Mchungaji Bazilio alikuja amevaa joho lake jeupe. Aliuona mkono wa Divine ukimpa Kezia fimbo za ngoma, na Kezia akisita kuzipokea. Akachuchumaa, joho likagusa majivu.

"Kezia," alisema, "siku ile ya matangazo nilikupumzisha bila kukuuliza kama umechoka. Leo nauliza. Ulitaka nini?"

Kezia aliangalia ngoma, akamwangalia Divine, kisha Babu aliyesimama mlangoni.

"Sikuwa nimechoka, Mchungaji," alisema. "Nilitaka nimfundishe mimi. Halafu wimbo wa kwanza nipige mimi, na wa pili apige yeye."