Skrubu Iliyorukwa

"Nimechemka, Kapteni," Loretta Haskell, afisa wa usalama melini, alisema kwenye redio. "Nimemfungia mtu asiyehusika."

"Mpishi Pruitt?"

"Zile nyaya zake tulizodhani ni za bomu ni nyuzi za gitaa."

Kapteni Brandvold alipumua. "Kwa hiyo bomu bado limo melini."

"Limo. Na aliyelileta yumo."

Maelfu ya watu ndani ya meli moja ya kubebea ndege, katikati ya Pasifiki. Pembeni, manowari za makombora. Chini, nyambizi. Tangu vita na Wajapani, meli hizi ndizo malkia wa bahari, na malkia hatembei bila walinzi.

Walinzi wote walitazama nje.

Adui alikuwa ndani.

Spika ilinguruma. Kabla ndege hazijaruka, mabaharia walijipanga bega kwa bega kuvuka sitaha, mashati ya rangi zote: ya zambarau kwa watu wa mafuta, ya kijani kwa wa mitambo, mekundu kwa wa silaha. Wakaanza kutembea, macho chini, wakiokota kila kokoto, kila skrubu. Injini ikinyonya kitu kimoja tu, rubani hana chake.

Loretta alikuwa amevaa shati la njano la waongoza ndege. Bastola ya Sig Sauer kiunoni.

"Dada, mbona unatetemeka?" Duquette, fundi wa shati la kijani, alimtania.

"Baridi."

"Baridi gani, na jua hili la kukaangia mayai?"

Hapo ndipo akaona.

Skrubu iling'aa sakafuni. Mtu wa shati la zambarau aliiona. Akairuka, kama anayeruka dimbwi.

Duquette aliiokota. "Huyu kafundishwa wapi?"

Yule mtu hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye bawa la ndege ya mbele. Mkono ukaingia mfukoni.

Loretta akamrukia. Akakibana kifundo cha mkono, mtutu mbavuni.

"Utoe mkono polepole."

"Meli nzima inajua umemfunga mpishi," mtu alinong'ona. "Unataka kuchekwa tena?"

"Nichekwe tu."

Akakaza. Rimoti ndogo kama ya gari ikachomoka. Duquette akaidaka kabla haijagusa chuma.

Mafundi wa mabomu walilibandua dude chini ya bawa, wakalitupa mbali majini. Bahari ikapiga chafya moja.

"Haskell, vipi huko?" redio iliuliza.

"Shwari. Rusheni ndege."

Akamkabidhi yule mtu kwa walinzi, akaondoka taratibu, mikono mifukoni. Akashuka mpaka mahabusu, akafungua mlango.

"Mzee Pruitt, naomba unisamehe."

Pruitt alivaa kofia yake ya upishi, akampita mlangoni, akaenda jikoni.