Tundu Nyuma ya Nyumba

Cherehani ya Mama Pacha ilikuwa kimya tangu asubuhi. Pacha mmoja alikuwa anaharisha. Karibu kila nyumba mtaani ilikuwa na mgonjwa.

"Maji yametiwa sumu," alisema mama mkwe wake. "Na aliyetia ni yule muuza maji. Mgeni yule, nani anajua katokea wapi?"

Nje kelele zilipanda. Mama Pacha alisimama mlangoni, mtoto begani. Vijana walikuwa wamemwangusha muuza maji na kuupindua mkokoteni wake. Madumu yalibingirika hadi mtaroni.

"Adui wa nchi huyu! Katumwa!"

"Jamani, nachota bomba lenu hilohilo!" alilia muuza maji. "Na wanangu wanaumwa!"

Jirani yao, fundi bomba, alijipenyeza katikati. Alikuwa mama mnene mwenye buti za mpira.

"Kabla hamjampiga mtu, tulikague bomba," alisema. "Kuna mtu katoboa. Maji yakija kwa nguvu, tundu linatema. Yakikatika, linavuta ndani uchafu wa mtaro. Yakirudi, tunakunywa wote. Na bomba hili haliishii kwetu. Linakwenda hospitali. Linakwenda kambi ya askari."

"Maneno tu hayo!" kijana mmoja alifoka. Akaokota jiwe.

Mama Pacha naye alikuwa ametoboa bomba hilo. Tundu lake lilikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa amelizungushia mpira wa tairi, akaushona vizuri, mshono mara mbili. Kila akitaka maji, aliusogeza pembeni.

"Mwacheni!" alipaza sauti. "Aliyetoboa ni mimi."

"Nyamaza wewe!" mama mkwe alimvuta kanga.

"Mama, nikinyamaza huyu baba atakufa."

Fundi bomba alikwenda nyuma ya nyumba, akafukua, akaugeuza ule mpira. Ulikuwa unanuka.

"Mshono safi, mwanangu. Lingekuwa gauni ningelivaa. Lakini uzi hauzuii maji ya mtaro." Akawageukia vijana. "Mnatafuta adui? Adui hana haja ya bunduki hapa. Anakaa tu. Tunatoboa wenyewe, tunaugua wenyewe, tunauana wenyewe. Na askari anayeshinda chooni atalinda mpaka gani?"

Yule kijana aliangusha jiwe.

"Na letu liko chini ya ngazi," alisema polepole.

Siku hiyo matundu yalizibwa kwa vyuma. Fundi bomba alitoa taarifa idara ya maji, nao wakaja kusafisha bomba na kutia dawa. Mama Pacha alimkimbiza mtoto zahanati, akapewa dawa ya kuchanganya na maji safi. Nyumbani akachemsha maji ya kunywa mpaka yakatokota. Mtoto akapona.

Sasa mtaa ukiona bomba linavuja, unaripoti. Maji yamekatika mara nyingi tangu hapo na kurudi, na hakuna aliyeugua.

Muuza maji bado anapita. Ila haiti tena "Maji! Maji!" Anapita kimyakimya, macho huku na huku. Mama Pacha akisikia magurudumu, huacha kushona. Hutoka hadi barabarani, akawahi kumsalimia kwanza, kwa sauti, watu wote wasikie.