Kifaru Kisichogeuza Kichwa

"Rangi imekauka," sauti ya Mkuu ilisema sikioni.

Maneno hayo yalikuwa amri: milango ya ukumbi imefungwa, anza kazi.

Mwiba alikuwa keshaanza. Tena alikuwa na hasira ambayo hajapata kuwa nayo tangu aingie idara hii ya watu wasio na majina.

Mbele yake palikuwa na meza pana yenye vilima vya sponji, nyumba za kadibodi na mto wa gundi iliyokauka ikang'aa. Vifaru vya plastiki vilitambaa juu yake, vifaru vya vita vya zamani, kila kimoja kinaenea kiganjani. Ukumbi mzima ulijaa watu wazima waliokuja kupigana kwa rula na dadu, na hakuna aliyeona aibu.

Upande wa pili wa meza aliketi adui.

Ofisini walimwita Miwani. Miwani myeusi ndani ya nyumba, suti ya bei mbaya, na kidole gumba juu ya kitufe cha saa yake muda wote.

Alikuwa na vifaru vitano, pacha watupu. Tope kwenye minyororo, kutu kwenye bomba la moshi, mikwaruzo pembeni kana kwamba vimetoka kupita kichakani. Vyote vilipakwa na mkono mmoja.

Mkono wa mjomba.

Mjomba huyo ndiye aliyemlea Mwiba, katika chumba kilichonuka vanishi mwaka mzima. Miwani alimwagiza vifaru vitano, kimoja kiwe na uwazi tumboni. Mjomba alipovikabidhi, akauliza uwazi wa nini. Akajibiwa kwa nyundo. Vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Mwiba alimkuta hospitali akihangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto, supu imemmwagikia kifuani. Akatoka nje, akaupiga ukuta ngumi mpaka nesi akaja kumfukuza.

"Nisikilize," Mkuu alisema. "Chipu aliyoiba bwawani iko ndani ya kimojawapo. Bila hiyo wahandisi hawawezi kufungua milango ya bwawa, na maji yanapanda."

"Najua."

"Ukigusa kifaru kisicho chenyewe, atabonyeza saa. Chipu itaungua, bonde lote litazama. Nafasi ni moja."

"Mkuu, najua."

"Una hasira. Nakusikia unavyopumua."

"Niache nicheze."

Mpango wa Miwani ulikuwa rahisi, na hilo lilimuudhi Mwiba zaidi. Jioni angepanda ndege na wachezaji wenzake. Nani atapekua midoli ya watu wazima? Waliomtuma wangeipata chipu, halafu wangeishika nchi koo kila mvua ikinyesha.

Na mchezo huu una mwiko mmoja: hugusi kifaru cha mwenzio. Mwiba hakuweza kukipima uzito hata kimoja. Alitumia macho tu, na macho hayakumwambia kitu. Pale Miwani alipofungua na kufunga tena, alipaka tope juu. Tope zuri, la kopo lile lile la mjomba. Mwizi wa kila kitu.

Halafu Mwiba akakumbuka sumaku.

Mjomba hakuwahi kugandisha kichwa cha kifaru, ile sehemu ya juu yenye mtutu. Aliweka sumaku ndogo shingoni ili kichwa kizunguke kwa kidole kimoja. "Kifaru kisichogeuza kichwa ni sabuni," alikuwa akisema, na mwanafunzi aliyeleta gundi karibu alifukuzwa na gundi yake.

Lakini mtu anayeficha kitu tumboni hataki kichwa kichomoke.

Mwiba alisukuma kifaru chake pembeni mwa kilima, akalenga ubavu wa kifaru cha Miwani ili alazimike kukigeuza kichwa.

Kifaru cha kwanza kikageuza kichwa kwa kidole. Laini.

Cha pili hivyo hivyo.

Mwiba akazunguka tena, upande wa mto. Cha tatu kikageuka. Akakipitisha kifaru chake katikati ya nyumba za kadibodi, ubavuni mwa cha nne.

Miwani alinyoosha kidole. Akasita. Akakishika kifaru kizima na kukigeuza, mkia wote nje, wazi kwa adui.

Mchezaji wa meza ya jirani aliguna. "Ndugu yangu, si ungegeuza kichwa tu? Umejiua mwenyewe."

"Napenda hivi," Miwani alisema.

Mwiba alivunja mwiko.

Alikinyakua kifaru, akakitumbukiza kwenye bati lake la brashi, akafunga kifuniko. Bati la kawaida kwa nje. Ndani mafundi wa idara waliweka madini ya kuzuia mawimbi. Miwani akabonyeza saa. Akabonyeza tena. Hakuna kitu.

Mkono wake ukaruka ndani ya koti. Bastola ya Bereta.

Haikutoka yote. Rula ya chuma ya Mwiba ilishuka juu ya kifundo cha mkono, bastola ikadondoka kwenye mto wa gundi. Dakika hiyo hiyo Mwiba alikuwa upande wa pili, amekibana kiganja cha Miwani juu ya meza. Kiganja cha kulia. Akavikunja vidole vitatu nyuma, taratibu.

Miwani akalia.

"Muache," Mkuu alisema sikioni.

Mwiba hakumuacha.

"Mwiba, kuna mtu hapa kwenye simu. Namuunganisha."

Mkwaruzo. Kisha sauti nzito ya mzee.

"Umempata?"

"Nimempata, Mjomba. Nimeshika vidole vyake."

"Na kifaru?"

"Ninacho. Wamegandisha kichwa kwa gundi."

"Gundi? Washenzi hawa." Mzee akavuta pumzi. "Sasa sikia, mwanangu. Vidole vyangu daktari amesema havitashika brashi tena. Vyako usivichafue kwa huyo. Ninavihitaji."

Mwiba akafungua mkono. Pingu zikafanya kazi iliyobaki.

Mlangoni fundi wa idara alichokoa chipu kwa kisu, akakimbilia helikopta. Mkuu mwenyewe akanyoosha kiganja.

"Na kifaru. Ni ushahidi."

"Ushahidi unavyo vinne pale mezani. Hiki kimeharibika, kinarudi kwa fundi."

Mkuu alimtazama usoni, akashusha mkono.

Mwiba alitia kifaru mfuko wa ndani wa koti, akatoka kwenye mvua bila kuharakisha. Hasira ilikuwa bado ipo, imekaa kifuani palepale. Alikuwa barabarani redio iliposema milango ya bwawa imefunguka. Akachomoa kidude cha sikioni, akaingia duka la vifaa vya rangi lililokuwa linataka kufungwa.

"Nipe brashi nyembamba kuliko zote," alimwambia muuzaji. "Na dawa ya kuyeyusha gundi."