Were Hakuwa Amekisoma

— Wanjugu! Leo ni harusi ya nani?

Were aliuliza akiwa amechuchumaa, akipanga Biblia na vitabu vya shule juu ya nailoni pale kando ya barabara ya Tom Mboya. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na lile gauni la njano ambalo mama hunikataza kuvaa siku za kazi. Moyo ulinidunda hadi masikioni.

— Siendi harusi. Nimekuja kukujibu.

— Kunijibu nini?

— Were, aki usinichezee. Kitabu!

Nikakitoa kwa mkoba. Miaka yote ya urafiki wetu ndivyo tumekuwa tukifanya: yeye ananiazima riwaya kabla hajaiuza, mimi naisoma bila kuikunja, kisha namrudishia na kumsimulia yote, mwanzo mwisho, huku akiuza.

Lakini hiki, woi! Hiki kilikuwa cha marafiki wawili, msichana na jamaa. Wanakunywa chai pamoja, wanataniana, mtaa mzima unajua wanapendana isipokuwa wao wenyewe. Nilikisomea dukani Ngara, nyuma ya mapazia tunayouza, jua likipenya kwenye kitambaa na kunipaka rangi ya chungwa mikononi. Kila mara yule jamaa wa kitabuni alipofungua mdomo nilisikia sauti ya Were. Mteja aliomba pazia la buluu nikamkatia la kijani, na hata sikujali. Nilipofika pale msichana anapanda gari moshi na jamaa amesimama tu kama mlingoti, nililia. Nikajiambia, Wanjugu, wewe ni mjinga. Huyu mtu ameshindwa kusema, ndiyo maana amekuletea kitabu kiseme.

— Jibu ni ndiyo, nikamwambia. Hata mimi. Tena kitambo sana.

Were akanitazama. Akatazama kitabu. Akajikuna kichwa.

— Wanju, kwani hicho kitabu kinasema nini?

— Hujakisoma?

— Mimi? Haya mambo ya mapenzi huwa sisomi. Nilinunua furushi zima kwa mama fulani wa Lavington anayehama. Nikaona jalada lina maua, nikasema hii ni ya Wanjugu.

Ardhi ipasuke inimeze! Rael, jirani yake anayeuza soksi, alikuwa ameacha kuita wateja ili asikie vizuri.

— Sasa hiyo ‘ndiyo’ yako ni ya nini? Were akauliza, sauti imekuwa ndogo.

— Soma mwenyewe!

Nikamtupia kitabu nikaondoka. Nilienda hivyo hivyo hadi nyumbani Dagoretti Corner, nikajilaza kitandani na gauni langu. Mpenzi sijapata, na rafiki nimempoteza. Nitapita aje tena pale nimtazame machoni? Hilo ndilo lililoniliza, kuliko hata aibu.

Mama akasimama mlangoni.

— Nani amekufa?

— Hakuna.

— Basi toka umenye viazi.

Nilikuwa nimeketi uani na karai la maji na viazi, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Were.

"Nimefunga biashara. Niko bustani ya Jeevanjee nasoma."

Sikujibu. Akome!

"Lakini huyu jamaa mbona hasemi? Anangoja nini?"

Nikamwandikia: "Muulize wewe."

"Huyu dem ni mkali kama wewe. Ila wewe unacheka vizuri kumshinda."

— Wanjugu, mama akasema, hayo maganda ni manene hivyo, kwani tutakula maganda?

Nilikuwa nikiyatabasamia maji ya karai bila kujua. Kisha simu ikanyamaza. Mawingu yakapita juu ya paa la mabati, kuku wa jirani wakaja wakaenda, na mimi nikabaki nimeshika kiazi kimoja tu. Ujumbe ulipokuja ulikuwa mrefu.

"Nimefika pale dem anapanda gari moshi. Nimefunga kitabu, siwezi endelea. Nilikuwa naona ni wewe unaenda. Wanju, hii kitu imekuwa ndani yangu tangu lini na sikujua?"

Baada ya muda simu ikalia mara moja, ikakatika. Ameniflashi. Kredo ya simu imemwishia, maskini. Nikampigia.

— Unataka nini?

— Hiyo ‘ndiyo’ yako ya asubuhi, bado iko?

— Kwani ni maziwa, ichache?

Akacheka.

— Wanju, mimi naogopa. Tukikosana nitabaki na nani? Sina rafiki mwingine kama wewe.

— Na unafikiri mimi nimekuwa nikiogopa nini wakati huu wote?

Nikamsikia akivuta pumzi.

— Niko hapa kwenu steji, karibu na bucha. Nyumba yenu ni gani?

Ngai! Hakuwahi kufika kwetu hata siku moja. Nikamwelekeza. Alipobisha, aliyefungua lango ni mama. Were alikuwa ameshika kilo ya sukari na mkate, viatu vimejaa vumbi.

— Unauza nini? mama akamuuliza.

— Siuzi kitu, mama. Naitwa Were. Nimekuja kumtembelea Wanjugu.

— Kumtembelea kama nani?

Were akanitazama. Nikakaza kisu mkononi. Jamani, mwanamume, sema!

— Kama rafiki yake, akasema.

Moyo wangu ukaanguka chini, puu.

— Na kama mtu anayempenda, mama. Sikujua mpaka leo. Sitaki moja niache jingine. Nataka yote mawili, mkinikubalia.

Mama akamwangalia kuanzia viatu hadi nywele. Akapokea sukari. Akapokea mkate.

— Mimi sijakubali kitu, akasema. Naenda kupika chai. Wewe kaa hapo umsaidie, huyu msichana leo ameniharibia viazi.

Were akavuta kigoda akaketi karibu nami, magoti yakagusana. Akakunja mikono ya shati, akaingiza mkono kwenye karai kutafuta kiazi. Chini ya maji, mahali ambapo mama asingeona, akaushika mkono wangu, na hakuuachilia.